Maji Magumu ya Handeni na Korogwe: Kutoka Boila la Reli hadi Birika la Umeme

Wilaya za Handeni na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga, zinapakana, lakini kwa habari ya maji ni kama nchi mbili. Korogwe imekaa chini ya Milima ya Usambara na kupitiwa na Mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, pamoja na Luengera na Mkomazi inayomwaga maji yake humo; Handeni iko kusini mwa mto huo, katika nyanda za Uzigua, ambako mito kama Msangasi na Mligaji hufurika masika na kupungua au kukauka kiangazi, na ambako kwa vizazi vingi aliyetaka maji wakati wa jua kali hakuwa na budi kuyatafuta chini ya ardhi. Tofauti hii imezoeleka kusimuliwa kama historia ya uhaba: nani alikuwa na maji, nani hakuwa nayo, na mwanamke wa wapi alitembea umbali gani na ndoo kichwani. Ipo hata hivyo historia nyingine, iliyoandikwa kidogo sana, nayo ni ya vile vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji yenyewe, ambavyo vimeharibu vyombo vya kila zama, kuanzia chungu cha maharage hadi boila la garimoshi na koili ya birika la umeme. Kila ulipofanywa uamuzi mkubwa juu ya maji ya eneo hili, swali lililopewa uzito lilikuwa la wingi wake. Hasara ya madini yaliyomo iliachiwa mpishi, mfuaji na mchochea moto, nao waliibeba bila kuandikwa popote.

Maji huitwa magumu yanapobeba kwa wingi kalsiamu na magnesiamu. Mvua inapoanguka haina madini hayo ila kwa kiasi kidogo mno. Ikipenya udongoni hukutana na gesi ya kabonidioksaidi itokanayo na pumzi ya mizizi na kuoza kwa majani, gesi hiyo huyatia maji uchachu hafifu, na uchachu huo ndio unaomung’unya mawe polepole na kuyachukua kwa umbo lisiloonekana kwa macho. Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti, yaani mada ile ile iliyo kwenye mawe ya chokaa, katika kila lita moja: kwa mgawanyo unaotumiwa sana, maji yasiyozidi 60 huhesabiwa kuwa laini, na yanayozidi 180 kuwa magumu sana. Kipimo cha kwanza kilichoenea duniani kilikuwa cha sabuni, kilichobuniwa na Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen, Uskochi, ambaye mwaka 1841 alipata hataza ya njia yake ya kulainisha maji kwa chokaa. Aliyapima maji kwa kuhesabu kiasi cha sabuni kilichohitajika hadi povu likae, kipimo ambacho mfuaji yeyote wa Handeni angekielewa bila kufundishwa.

Ugumu huo ni wa namna mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa yote yatakayofuata. Upo ugumu wa muda, unaotokana na baikaboneti, ambao huvunjika maji yanapopashwa moto: gesi hutoka, na kalsiamu iliyokuwa imefichika hugeuka chokaa ngumu inayoganda pale penye joto kali zaidi. Upo pia ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti na kloridi, ambao kuchemsha hakuuondoi. Wa kwanza ndio hujenga gamba jeupe ndani ya chombo. Wa pili huendelea kula sabuni hata baada ya maji kuchemshwa, na salfeti yake, katika joto kubwa la boila, hufanya gamba gumu zaidi kuliko chokaa ya kawaida.

Miamba ya Handeni ni ya kale sana. Ni sehemu ya ukanda uitwao na wanajiolojia Ukanda wa Msumbiji, ambamo mawe yaliyozikwa chini mno yaligeuzwa kwa joto na mgandamizo, na humo mna naisi zenye madini ya kalsiamu na magnesiamu, na mahali pengine marumaru, ambayo ni chokaa iliyogeuzwa. Mawe hayo hayana matundu ya kupitisha maji kwa urahisi; maji hukaa kwenye nyufa zake na kusogea taratibu, na kadiri yanavyokawia ndivyo yanavyozidi kuchota madini. Juu ya hayo, jua la nyanda hizo hunyonya unyevu na kuacha chumvi udongoni, ambayo mvua inayofuata huizamisha tena chini. Ndiyo sababu visima vingi virefu vilivyochimbwa Handeni vilitoa maji ya chumvi, yaliyo magumu pia, hata pale yalipokuwa mengi na meupe. Usambara ni kinyume chake: mvua ni nyingi, maji hukimbia juu ya udongo uliokwisha kuoshwa kwa maelfu ya miaka, na vijito vinavyoshuka kuelekea Luengera hufika bondeni vikiwa laini. Mto Pangani wenyewe ni mchanganyiko, kwa kuwa huanzia Kilimanjaro na Meru, kwenye mawe ya volkano yanayotoa zaidi sodiamu, kisha hupokea maji ya Pare na Usambara kabla ya kufika Korogwe.

Kabla ya mabomba, ujuzi wa maji haya ulikuwa wa jikoni. Maji yaliyofukuliwa kwenye mchanga wa mto uliokauka ni mvua ya juzi iliyohifadhiwa, ambayo haijapata muda wa kuchota madini mengi, na kwa hiyo hutofautiana sana na maji ya kisima cha mwambani hata kama viwili hivyo viko karibu. Tofauti huonekana kwenye maharage na kunde. Kalsiamu hushikamana na pektini, gundi ya asili inayounganisha chembe za mbegu, na kuifanya isiyeyuke. Ndipo chungu hukaa motoni nusu ya siku na maharage yakabaki na kiini kigumu, huku kuni zikiteketea. Dawa inayojulikana kote Afrika Mashariki ni magadi, ama yale yachimbwayo kwenye maziwa ya Natron na Magadi, ama maji yaliyochujwa kwenye majivu ya mimea. Kikemia, magadi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kwani kaboneti yake huitoa kalsiamu kwenye maji na kuiacha itulie kama vumbi jeupe, na ukali wake huilegeza pektini. Gharama yake ipo pia, kwa maana huua sehemu ya vitamini B1 ya chakula. Inastahili kusemwa wazi kwamba huu ulikuwa ulainishaji wa maji kwa maana kamili: wahandisi wa Ulaya walipokuja kutia soda kwenye maji ya maboila yao, walitumia kemia ile ile ambayo mpishi alikwisha kuitumia kwa mkono na jicho.

Mitambo ya mvuke ililetwa na reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893; ilifika Muheza mwaka 1896, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, na kutoka kwa hiyo ukatoka mkonge uliojaza bonde la Pangani na Luengera kwa mashamba ya Ngombezi, Magunga, Hale, Mnyuzi na mengineyo. Kiwanda cha mkonge ni mlaji mkubwa wa maji, kwa sababu jani lote huwa majimaji na nyuzi ni sehemu ndogo sana yake, na mashine ya kukwangua iitwayo korona lazima imwagiwe maji wakati wote ili kuosha makapi. Maji ya kuoshea hayakuhitaji kuwa laini. Ya boila yalihitaji, na kabla ya dizeli na umeme kuenea, nguvu ya viwanda vingi ilitoka kwenye injini za mvuke zilizochochewa kwa kuni, kama ilivyokuwa kwa garimoshi.

Boila la garimoshi ni chungu kikubwa kisichopumzika. Maji hugeuka mvuke na kuondoka, madini hubaki, maji mengine huongezwa na madini yake, na kwa njia hiyo hata maji yenye ugumu wa kadiri hujilimbikiza ndani ya siku chache. Gamba huganda juu ya mabomba ya moto. Nalo hupitisha joto vibaya mno, kwa kuwa chuma hulipitisha mara 20 na zaidi kuliko chokaa hiyo. Matokeo yake ni mawili: kuni nyingi huchomwa kwa mvuke mchache, na chuma, ambacho kingepozwa na maji, hupata moto kupita kiasi, kikavimba na kupasuka. Kwa hiyo boila lilizimwa kila baada ya muda, likaachwa lipoe, likafunguliwa vizibo vyake, na wafanyakazi wakaingiza fimbo na mipira ya maji ya nguvu kukwangua magamba. Ilikuwa kazi chafu na ya kuchosha, iliyofanywa na vibarua Waafrika ambao majina yao hayamo katika vitabu vya historia ya reli, ingawa bila wao treni isingefika Mombo. Pamoja na kukwangua, desturi ya reli duniani ilikuwa kutia soda na tanini, ile dawa ya magome ya miti inayotumika kutengenezea ngozi, ili madini yatulie kama tope laini linaloweza kumwagwa badala ya kuganda.

Jambo hili linaeleza kwa nini reli ilifundisha utawala wa kikoloni kuyatazama maji kwa jicho la mkemia mapema kuliko idara nyingine yoyote. Mfano wake bora ni Clement Gillman, mhandisi aliyekuja Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905 kufanya kazi ya reli, akabaki chini ya Waingereza hadi kuwa mhandisi mkuu wa Reli za Tanganyika, kisha mwishoni mwa miaka ya 1930 akateuliwa mshauri wa maji wa nchi nzima. Gillman alisisitiza kwamba maji hayawezi kutengwa na mwamba, udongo, uoto na makazi ya watu, na uchunguzi wake wa haidrolojia ya Tanganyika, uliochapwa miaka ya 1940, ulizichora nyanda kama za Handeni kwa upana ambao watawala wa wilaya hawakuwa nao. Mtazamo huo, kwa bahati mbaya, haukushuka hadi kwenye kisima cha kijiji. Idara ya Jiolojia iliyokuwa Dodoma ilishauri mahali pa kuchimba, wachimbaji walipima ni galoni ngapi hutoka kwa saa, na chumvi ilipozidi kiasi cha kunyweka kisima kiliachwa. Maji yaliyokuwa magumu tu, yakinyweka, yalihesabiwa kuwa ushindi. Kwa njaa na ukame ulioiandama Uzigua mara kwa mara, ambao mwanahistoria James Giblin ameueleza kwa kina katika utafiti wake wa kaskazini mashariki mwa Tanzania, hesabu hiyo haiwezi kulaumiwa kwa urahisi.

Hesabu hiyo hiyo ilirithiwa na taifa huru. Mwaka 1971 serikali ya TANU iliazimia kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi karibu na nyumba yake, na Handeni, mojawapo ya wilaya za kwanza kuhamishiwa watu katika vijiji vya pamoja, ilikuwa na vijiji vipya vilivyokusanya maelfu ya watu mahali pasipo na mto. Viwango vya muda vya maji ya vijijini vilivyotolewa mwaka 1974 viliruhusu ugumu hadi miligramu 600 kwa lita, zaidi ya mara tatu ya pale maji yanapoanza kuitwa magumu sana. Uamuzi huo ulikuwa na msingi wa afya, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani halijawahi kuweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya madhara mwilini, na kalsiamu ya maji ni chakula kama ilivyo ya maziwa. Lakini ulikuwa na maana yake ya kiuchumi ambayo haikusemwa.

Maana hiyo yaweza kupigiwa hesabu. Sabuni ya mche inapotiwa kwenye maji magumu haitoi povu mpaka kwanza kalsiamu yote iunganishwe na kugeuka utando wa kijivu unaoelea na kushika nguo. Kwa maji yenye ugumu wa miligramu 300, lita moja humeza karibu gramu 1.8 za sabuni kavu. Ndoo ya lita 20 humeza zaidi ya gramu 35 kabla ya shati la kwanza kuanza kutakata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipokuwa miongoni mwa bidhaa adimu zilizopangiwa foleni nchi nzima, kipande kilichomtosha mfuaji wa Lushoto, huko milimani Usambara, kwa wiki kisingeweza kumfikisha mwenzake wa kisima cha Handeni nusu ya muda huo. Sabuni za unga zilizoenea baadaye, ambazo hazigandi na kalsiamu kwa namna hiyo, zilileta nafuu kubwa ambayo watu wa maji magumu waliihisi mikononi.

Suluhisho lililokusudiwa kwa Handeni lilikuwa kuyaacha maji ya chini na kuyafuata ya mto. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ambayo ilikuwa ikigharamia mpango mpana wa maendeleo ya vijiji vya Mkoa wa Tanga, ulijengwa mradi mkubwa ujulikanao hadi leo kwa herufi zake tatu, HTM (Handeni Trunk Main): maji huchotwa Mto Pangani upande wa Korogwe, husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu kupanda nyanda za Handeni kupitia bomba kuu lenye matawi ya vijiji. Kwa ubora wa maji ulikuwa uamuzi sahihi. Usafishaji wa kawaida, wa kutia shabu ili tope litulie na klorini ili vijidudu vife, hauondoi ugumu, kwa hiyo chanzo ndicho kinachoamua. Na mto ulikuwa chanzo bora kuliko mwamba. Udhaifu ulikuwa kwenye kusukuma. Pampu zilitaka nishati ya bei, mabomba yalizeeka, vijiji viliongezeka, na kila maji ya HTM yalipokatika watu walirudi kwenye malambo yenye tope na kwenye visima vyao vya chumvi.

Umeme uliingia katika habari hii kwa njia ya ajabu kidogo, kwa kuwa eneo hili lilizalisha nguvu hiyo muda mrefu kabla ya kuitumia majumbani. Maporomoko ya Pangani yalianza kutoa umeme miaka ya 1930, na kituo cha Hale, ndani ya Wilaya ya Korogwe, chenye megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964. Nguvu hiyo ilikwenda Tanga, kwenye viwanda vya mkonge na mbali zaidi. Ni baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuundwa kwa sheria ya mwaka 2005 ndipo nyaya zilipoanza kuvifikia vijiji vingi, na pamoja nazo birika la umeme, hita ya kuzamisha ndooni, shawa ya maji moto na pasi ya mvuke. Vyombo hivi ni maboila madogo. Hupasha joto kwa koili iliyozama majini, na sheria iliyotawala garimoshi la mwaka 1902 huvitawala pia: gamba huganda penye moto, joto halipiti, koili huungua. Familia inayochemsha lita 20 kwa siku za maji yenye ugumu wa 300 hupitisha katika chombo chake gramu 6 za ugumu kila siku, yaani zaidi ya kilo 2 kwa mwaka. Hata ikiganda sehemu ndogo tu, inatosha kuliziba birika. Chai nayo huota utando juu yake, kwa sababu kalsiamu huharakisha kuungana kwa chembe za majani ya chai na hewa.

Tofauti kubwa kati ya zama hizo mbili iko kwenye ujuzi wa kutunza. Reli ilikuwa na ratiba ya kuosha boila, nyumba haina. Koili inapokatika, lawama huangukia umeme unaopanda na kushuka, au bidhaa duni ya dukani, na fundi huweka koili mpya ambayo itakufa kwa ugonjwa ule ule. Ilhali gamba la baikaboneti huyeyuka kwa asidi yoyote ya jikoni: siki au maji ya ndimu nyingi yaliyochanganywa na maji, yakipashwa moto na kuachwa kwa saa moja, hulitoa likichemka mapovu, na kusuuza mara mbili huondoa harufu. Gamba la salfeti halisikii dawa hiyo. Mashine za kulainisha maji kwa kubadilishana chembe, ambazo zilitokana na kazi ya Mjerumani Robert Gans mwanzoni mwa karne ya 20, huiondoa kalsiamu na kuweka sodiamu ya chumvi ya mezani mahali pake. Zinawafaa wenye hoteli na hospitali, lakini hazifai kwa maji ambayo tayari yana chumvi nyingi, kwa kuwa huzidisha sodiamu yake.

Mradi wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 za Marekani kutoka Benki ya Exim ya India na ambao mikataba yake ya ujenzi ilisainiwa mwaka 2022, umezijumuisha Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani pamoja, nao umerudi kwenye wazo la HTM kwa ukubwa zaidi: kuutegemea mto. Kwa upande mwingine, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanzishwa mwaka 2019, unaendelea kuchimba visima katika vijiji vilivyo mbali na bomba kuu, na pampu za umeme wa jua zimewezesha maji ya kina kirefu, ambayo zamani yalitolewa kwa mkono ndoo kwa ndoo, kufika kwenye bomba la uani. Vijiji hivyo ndivyo sasa vinavyopata kwa pamoja umeme wa gridi na maji ya mwambani, jambo ambalo halikutokea Handeni katika zama zozote zilizotangulia. Hata mjini, mwenye tangi la plastiki hulijaza kwa maji ya mto yanapotoka na kwa maji ya kisima ya boza yanapokatika, na ndani ya tangi moja hukutana Kilimanjaro, Usambara na naisi ya Uzigua. Anayetaka kujua ni yapi yaliyomo kwa wakati huo anaweza kutumia kipimo cha Clark bila gharama: kipande cha sabuni ya mche, chupa safi yenye maji kiasi cha kikombe, na kutikisa mpaka povu likae, akilinganisha na chupa ya maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati.